Pilau, biriani, wali wa nazi au mseto? Anza na kapu la mboga

Wifi yangu anakaa Bamburi, na nyuma ya nyumba ana bustani isiyozidi ukubwa wa mikeka minne. Kaskazi hii imemzidi nguvu. Mabiringani yananing'inia mpaka yanagusa mchanga, mabenda (bamia) yasipochumwa siku mbili yanakuwa magumu kama vijiti, na mumunye limeshapanda ukuta na kuingia kwa jirani. Juzi alinipigia simu. Jumapili ana mgeni, na mgeni huyo hali nyama wala samaki.

"Wifi, mabiringani haya na mumunye niyatie kwenye pilau?"

"La, wifi. Pilau hiyo itakuaibisha."

Akanyamaza kidogo. "Basi nipike nini? Biriani? Au wali wa nazi tu?"

Jibu lake lilikuwa refu kuliko simu, na najua si yeye peke yake anayejiuliza. Wengi wetu hapa Mombasa tumelelewa tukijua kwamba wali wa heshima ni wali wenye nyama. Ikikosekana nyama, tunachukua pishi lile lile, tunaitoa nyama, tunasukuma mboga mahali pake na kutumaini mema. Lakini mboga haifanyi kazi ya nyama ndani ya sufuria. Nyama inatoa supu na mafuta, na inaweza kukaa motoni saa nzima. Mboga nyingi zinatoa maji matupu, na dakika kumi tu zinazimaliza. Kwa hiyo mimi siku hizi siulizi kwanza nataka kula nini. Namwaga kapu juu ya meza nitazame lina nini, halafu mboga zenyewe ndizo zinanichagulia wali.

Maji yaliyojificha

Kosa hili nalijua kwa sababu nimelifanya. Ilikuwa mwezi wa pili, joto limebana, na mume wangu amemkaribisha mwenzake wa kazini asiyekula nyama. Nikaona pilau ndiyo heshima ya mgeni. Nikakaanga vitunguu vyangu vizuri, nikatia viungo, kisha nikamimina humo mumunye lililokatwakatwa, nyanya sita na biringani moja, na maji kwa kipimo changu cha siku zote. Nilipofunua sufuria nilikuta bokoboko. Punje zimepasuka, mboga zimeyeyuka hata huzioni, na chini kumeungua kwa sababu nilizidisha moto nikitaka kuyakausha yale maji. Mgeni alikula kwa adabu. Mimi sikuweza kumeza.

Mama nilipomsimulia hakucheka. Aliniambia, "Mwanangu, mumunye lilikuja na maji yake. Wewe ukaliongezea mengine."

Maneno hayo yana hesabu ndani yake. Mumunye na nyanya ni maji kwa karibu asilimia 95. Biringani ni kama 92, mabenda 90. Karoti iko kwenye 88, na viazi na njegere mbichi ziko karibu na 79. Sasa chukua nusu kilo ya mumunye. Likitoa nusu tu ya maji yake, tayari ni kikombe kizima. Vikombe viwili vya mchele wa basmati uliorowekwa vinahitaji vikombe vitatu vya maji. Ongeza hicho kimoja kisichoonekana, umepata vinne, na pilau yako imekwisha kabla hujaifunika. Tena si wingi wa maji peke yake. Karoti na njegere zinashikilia maji yao, unaziuma baada ya kupikwa na bado ni karoti na njegere. Mumunye na nyanya zinaachia yote.

Kwa hiyo mboga za kapuni nazigawa mafungu mawili. Zinazojishikilia ni viazi, karoti, njegere, maharage mabichi ya maganda, mbaazi mbichi, na boga likiwa limekomaa na nyama yake ni kavu. Zinazoachia ni mabiringani, nyanya, mumunye, mabenda, pilipili hoho na mchicha. Za kwanza zinaweza kuiva ndani ya wali. Za pili zipikiwe nje, zikutane na wali wakati wa kula.

Na hapo ndipo penye ugumu kwetu watu wa pwani. Tazama lile fungu la kwanza: karoti, njegere na viazi hazitoki bustani za Mombasa. Zinapenda baridi. Za soko la Kongowea zinashuka kwa malori kutoka bara, na mboga nyingi zinatoka milima ya Taita. Fungu la pili ndilo linalostawi kwenye mchanga na joto letu, ukiacha nyanya, ambayo joto la kaskazi likizidi inaangusha maua na haishiki matunda vizuri. Yaani bustani ya Bamburi inakupa karibu kila mboga isiyofaa pilau.

Pilau ya mboga: tamu, lakini ya mboga za kununua

Nisieleweke vibaya. Pilau ya mboga ikipikwa sawasawa ni chakula kamili, wala haina haja ya kuombewa radhi. Ila inataka mpishi akubali kwamba ladha yote itatoka kwenye vitunguu na viungo, kwa kuwa supu ya nyama haipo. Kwa watu wanne mimi natumia vikombe viwili vya basmati, vitunguu vitatu vikubwa, thomu (kitunguu saumu) punje sita zilizotwangwa na tangawizi ya kidole kimoja, bizari nyembamba kijiko kikubwa kimoja, iliki tano, karafuu tano, kijiti cha mdalasini na pilipili manga nzima kiasi. Halafu viazi vitatu, karoti mbili na kikombe cha njegere.

Vitunguu ndivyo vinavyoamua. Wengi wanaviondoa vikiwa vya dhahabu, wakiogopa. Kwenye pilau ya nyama unaweza kusamehewa, maana supu itakusaidia. Kwenye pilau ya mboga vikaange mpaka rangi ya tende, karibu na kuungua lakini visiungue, kisha nyunyizia maji kidogo papo hapo vitoe rangi yake. Maji yakigusa sufuria utasikia yakifoka na jikoni kote kutanuka pilau kabla hujatia kiungo hata kimoja. Usipoisikia harufu hiyo, bado. Viazi vikaange kando kwanza vishike ngozi, ndipo uvichanganye. Njegere zinaingia pamoja na mchele, karoti zinatangulia kidogo. Nyanya situmii. Ukitaka nyanya, kata kachumbari.

Kuna watu hutia vipande vya supu ya pakiti ili kurudisha ile ladha ya nyama. Mimi sipendi, na sababu yangu si ladha tu. Baadhi ya supu hizo zina mafuta au unga wa kuku au ng'ombe, na mgeni wako hali nyama. Ukimlisha bila kumwambia umemkosea. Soma pakiti, au acha kabisa.

Pilau inashinda mahali pawili. Unapika sufuria moja, hivyo hata wageni wakiwa ishirini huhangaiki na mchuzi wa kando. Tena inastahimili safari: ukiifunga ikiwa moto kwenye chombo cha kuhifadhi joto ukavuka nayo feri mpaka Likoni, itafika ikiwa bado pilau. Inashindwa palepale tulipopaona: bustani yako haitaingia humo, labda mbaazi mbichi na boga lililokomaa.

Biriani: inapokea kila mboga, ila inakula siku yako

Watu wanadhani biriani na pilau ni ndugu wanaofanana. Kwa suala letu hili zinatofautiana sana, kwa sababu biriani ya hapa kwetu wali unapikwa peke yake na masala yanapikwa peke yake, vinakutana kwenye sahani. Hapo mabiringani yana nafasi. Nyanya ndizo zinazohitajika hasa. Hata mumunye unaweza kulitia, kwa sharti masala yaachwe motoni bila kifuniko mpaka mafuta yaelee juu.

Kwa vikombe viwili vya mchele andaa nusu kilo ya vitunguu, vyote vya kukaanga viwe vikavu vya kuvunjika mkononi, nyanya tano, nyanya ya kopo vijiko viwili, kikombe cha maziwa lala, thomu, tangawizi, pilipili mbichi, masala ya biriani na majani ya dania. Viazi na mabiringani vikaangwe mbali mbali. Rojo likishaiva, vitie ndani na vile vitunguu ukivivunja kwa vidole. Wali unauchemsha kwenye maji mengi yenye chumvi mpaka ukiuma punje unakuta katikati bado pana kiini kigumu. Hapo chuja mara moja, rudisha sufuriani, nyunyizia samli na zafarani iliyolowekwa, funika, palia makaa juu kwa dakika ishirini. Mwenye jiko la gesi aweke sufuria juu ya kikaango cha chuma kizito, moto mdogo kabisa.

Gharama yake? Mafuta mengi, vitunguu vingi, maziwa, zafarani ukitaka halisi. Na muda: sijawahi kuimaliza chini ya saa mbili na nusu nikiwa peke yangu. Mwezi wa pili, saa sita mchana, kusimama juu ya karai la vitunguu ni kazi ya kutoa jasho hasa. Kama mgeni ni mkwe, au ni sikukuu, biriani ya mabiringani inastahili jasho hilo, na mla nyama hatauliza nyama iko wapi. Kama ni Jumapili ya kawaida, naona ni kujitesa.

Mwiko mmoja kwenye biriani ya mboga: usitie mabenda. Ute wake ukikutana na maziwa lala unatoa rojo linalovutika, na hakuna wa kulisifu.

Wali wa nazi na mchuzi wa bustani kando

Nakiri kwamba moyo wangu uko hapa. Sababu ya kwanza ni ile ile ya maji. Wali unaiva kwenye sufuria yake kwa kipimo chake, na mboga zinazoachia zinaachia kwenye mchuzi, ambako maji yake ni mali. Yale yaliyoiharibu pilau yangu mwaka ule ndiyo yanayoufanya mchuzi huu.

Nazi moja iliyokomaa inatosha vikombe viwili vya mchele, ya pili ni ya mchuzi. Kuna nazi ya kukuna kwa mbuzi na kuna nazi ya kusaga kwa blenda, na zote zinakubalika. Ila ukikuna kwa mbuzi usifikie ganda, ule ugozi wa kahawia unatia rangi chafu na uchungu kidogo. Tui la kwanza kamua kwa maji ya uvuguvugu machache, liwe zito la kushika kidole, uliweke kando. La pili na la tatu ndilo jepesi. Chemsha tui jepesi na chumvi, vikombe vitatu hivi, tia mchele, acha mpaka uone vishimo vidogo vidogo juu ya wali vinavyopumua mvuke. Hapo mimina tui zito kikombe kimoja, geuza mara moja tu kwa mwiko kutoka chini, funika na upalie. Mwiko ukirudi mara ya pili na ya tatu unavunja punje.

Sasa mabiringani. Kila mtu analalamika kwamba biringani linakunywa mafuta, na ni kweli, kwa sababu nyama yake ni kama sponji, imejaa vitundu vya hewa. Dawa yake ni chumvi na subira. Kata vipande vinene, nyunyizia chumvi, viache dakika thelathini kwenye chujio. Utaona matone ya maji ya kahawia yakijitokeza juu ya kila kipande kama jasho usoni. Vikamue kwa kiganja, taratibu, mpaka vilegee. Vitundu vile vimeshabonyea na mafuta hayana tena pa kuingia. Vipande vilivyokamuliwa hivyo navikaanga kwa mafuta kama nusu ya yale niliyokuwa nikitumia, na vinashika rangi upesi zaidi.

Kwenye sufuria nyingine kaanga kitunguu kimoja, thomu, nyanya tatu zilizosagwa, manjano nusu kijiko kidogo na pilipili mbichi mbili zisizopasuliwa. Nyanya zikikauka tia tui jepesi, mumunye, na baada ya dakika kumi mabiringani yako yaliyokaangwa. Tui zito ni la mwisho, moto ukiwa umepunguzwa, na kazi ya upawa ni kuchota na kumimina, kuchota na kumimina, bila kuacha lifure. Likichemka kwa nguvu tui linakatika, mafuta kule na maji huku. Ukwaju au ndimu pia ungoje sufuria imeshaipuliwa. Nimeona watu wakitia ndimu mapema halafu wakailaumu nazi.

Mabenda nayo yana adabu yake. Yaoshe yakiwa mazima, yafute yakauke kabisa kwa kitambaa, ndipo ukate. Maji yakigusa ndani, ute unaanza kazi. Yakaange kwa moto mkali dakika tano sita mpaka ukiinua mwiko hauvuti nyuzi, yaweke kando, uyarudishe juu ya mchuzi mwishoni. Makubwa yaliyoota nyuzi mpe jirani anayefuga mbuzi.

Faida ya pili ya pishi hili ni nyumba yenye watu wa kila aina. Sufuria moja ya wali, mchuzi mmoja wa mabiringani, na pembeni samaki wa kupaka kwa anayemtaka. Mgeni asiyekula nyama hali chakula cha peke yake kilichotengwa kama cha mgonjwa, anakula wali ule ule kwenye sinia ile ile, na kinachobadilika ni bakuli la kando. Kwa watu wetu, ambao kula pamoja ndiko kula, naliona hili ni kubwa kuliko yote niliyoyataja. Angalia tu upawa wa samaki usiingie kwenye bakuli la mboga.

Udhaifu wake ni mmoja na ni mzito: wali wa nazi haulali. Katika joto letu, wali wa mchana uliosahauliwa mezani unaanza kuchacha kabla ya Isha. Wali wowote, hata mweupe, una vijidudu ambavyo mbegu zake haziuawi kwa kuchemshwa. Ukikaa vuguvugu vinaamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha upya. Usiuache nje zaidi ya saa mbili. Utandaze kwenye sahani pana upoe upesi, uuingize kwenye friji. Pilau na biriani nazo zinataka hivyo hivyo, ila za nazi ndizo zinazowahi. Asiye na friji apike kipimo cha kuliwa kikaisha, na hapo pilau wala wali wa nazi havitofautiani.

Mseto, kwa siku isiyo na mgeni

Mseto wa pojo, yaani wali uliopikwa pamoja na choroko, haumo kwenye orodha ya watu wengi wanaofikiria kumkaribisha mtu, na sikulaumu. Ni chakula cha nyumbani, cha usiku, cha mtoto anayeota meno na mzee asiye na meno. Lakini kama mlaji wako anaishi bila nyama siku zote, huu ndio unaomjenga mwili kuliko zote nne. Protini ya mchele ina upungufu wa laisini, kimojawapo cha vijenzi vya protini, na pojo zinayo kwa wingi. Pojo kwa upande wake zinapungukiwa na kile ambacho mchele unacho. Vikiliwa pamoja vinafidiana. Pilau ya karoti na viazi haina hilo, na njegere kikombe kimoja hazitoshi.

Kikombe kimoja cha pojo, kikombe kimoja na nusu cha mchele. Pojo nzima ziroweke tangu asubuhi, zichemshe peke yake mpaka zianze kupasuka, kama nusu saa, ndipo mchele na tui viingie. Hapa maji kuzidi si kosa, kwa hiyo mumunye, boga na mchicha wote wana nafasi. Chakula hiki kinataka kulegea. Mchicha utie mwishoni kabisa, ukanyauke kwa mvuke tu. Ule na achari ya ndimu.

Mchele gani uende wapi

Hapa sitakaa sana. Basmati kwa pilau na biriani, kwa sababu punje zake zinarefuka badala ya kunenepa na hazigandani. Iroweke nusu saa. Pishori ya Mwea kwa wali wa nazi: ina harufu yake nzuri inayokubaliana na tui, na inalainika kiasi cha kupokea mchuzi. Haihitaji kurowekwa, na inataka maji zaidi, karibu vikombe viwili kwa kimoja. Kwa mseto, mchele wowote, hata chenga.

Tahadhari ya pishori ni kwamba sokoni inachanganywa na mchele wa bei nafuu na kuuzwa kwa jina lake. Nilinunua kilo tano kwenye duka moja, ikanukia vizuri gunia lilipofunguliwa, na nilipoipika nusu ya punje ziliiva na nusu zikabaki ngumu. Mchanganyiko hauivi kwa wakati mmoja. Sasa nanunua kilo moja kwanza, napika kikombe, nikiridhika narudi kwa muuzaji yule yule siku hiyo hiyo.

Muulize mgeni kabla ya kwenda sokoni

Neno "sili nyama" lina milango mingi. Wapo wasiokula nyama lakini maziwa, samli na mayai wanakula. Kwao yote manne niliyoyataja yanafaa. Wapo wasiogusa chochote kitokacho kwa mnyama, na kwao biriani inaondoka na maziwa lala na samli yake, wakati wali wa nazi unabaki bila kubadilishwa hata kijiko kimoja. Tui ndilo maziwa yetu na samli yetu pamoja.

Halafu wapo majirani zetu Wahindi wa dini ya Jaini, ambao hekalu lao la mawe meupe liko mjini hapa na wengi wetu tumepita mbele yake. Wanaofuata dini yao sawasawa hawali kinachong'olewa na mizizi yake: vitunguu, thomu, viazi, karoti, hata tangawizi mbichi. Isome upya pilau yangu hapo juu uone kinachobaki. Mchele, njegere na viungo vikavu. Na wapo miongoni mwao wasiokula biringani pia, kwa wingi wa mbegu zake. Kwa mgeni wa namna hiyo mimi ningepika wali wa nazi na mchuzi wa mabenda, mumunye na nyanya, na badala ya kitunguu na thomu ningetia mvuje (utomvu mkavu wa mmea, Wahindi wanauita hing), chembe ndogo kama punje ya mchele, kwenye mafuta ya moto kabla ya nyanya. Ndiyo, mvuje ule ule ambao bibi zetu wakiwafunga watoto wachanga kuwakinga na kijicho. Ukiwa mbichi unanuka vibaya, lakini ukiguswa na mafuta ya moto unageuka ukanukia kama kitunguu kilichokaangwa. Marikiti kwa wauza viungo unapatikana. Omba kidogo tu na uufunge vizuri, la sivyo kabati zima litanukia.

Nilimuuliza wifi mgeni wake ni wa namna gani. Akampigia, akanirudia: hali nyama, samaki wala mayai, maziwa anakunywa, kitunguu hakimsumbui. Bustani ina mabiringani, mabenda na mumunye. Mezani watakuwa sita, na watatu kati yao hawatosheki bila samaki. Nazi anazo za mnazi wake mwenyewe. Hata sikuhitaji kumwambia.

"Basi wali wa nazi," alisema.

"Na mabiringani uyatie chumvi mapema, wifi. Ukishatoka kuyachuma."

Jumapili alasiri mwanawe alinishukia na sahani iliyofunikwa kwa kawa. Wali umetengana punje punje, mchuzi mzito wa manjano umeshikilia vipande vya biringani vyenye ngozi inayong'aa, mabenda yako juu, mazima, hayavuti. Pembeni alikuwa ameniwekea kipande cha ukoko wa nazi, kwa kuwa anajua naupenda.